Uzito umesimama kwenye kilo 83: je, nimelegea?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 41, nina mume na watoto watatu, naishi Igogo, Mwanza, na nina duka la vitenge mjini. Nilianza kupunguza uzito baada ya kukutwa na presha. Nilikuwa na kilo 104, urefu wangu sentimita 162. Mwanzo nilikuwa mkali kweli: ugali napima kwa mizani, napika sufuria yangu peke yangu, dukani naenda kwa miguu, sherehe sikanyagi. Leo ni miezi kumi na sita, nina kilo 83. Ila karibu yote yale nimeyaacha. Sipimi tena, nakula na familia, asubuhi napanda boda. Kilichobaki ni kwamba soda sinywi na chai nakunywa bila sukari. Miezi minne sasa mizani haijasogea, na ndugu hawaishi kuniuliza kama naumwa. Mwezi uliopita msibani nilikula pilau sahani mbili ili tu wanyamaze. Je, nimelegea? Nirudi nilikoanzia?

JIBU: Hapana, dada yangu, hujalegea, na nisingependa urudi ulikoanzia.

Kwanza tuiweke hiyo kilo 21 mahali pake. Ni asilimia 20 ya uzito uliokuwa nao. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, majibu yake yalitoka mwaka 2002. Walengwa walitakiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na kwa hicho kidogo waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wewe umepita lengo lao karibu mara tatu. Presha, magoti, usingizi, vyote vimeshafaidika hata kama mizani haitasogea tena mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa angalia hiyo miezi minne kwa jicho jingine. Unasema uzito haujashuka. Haujapanda pia. Maana yake ni kwamba unavyokula na unavyotembea leo, pamoja na zile tabia unazodhani umeziharibu, vinalingana barabara na mwili wa kilo 83. Kila mpangilio wa maisha una uzito wake. Ule wa kabla ulikuwa na kilo 104. Huu wa sasa, wa kula na watoto na kupanda boda, una 83. Ule wa miezi ya mwanzo pengine ungekupeleka kwenye 70, kama kungekuwa na binadamu wa kuweza kuuishi kwa miaka kumi akiwa na duka na watoto watatu. Mimi simjui.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni tabia zipi kati ya ulizoziacha zilistahili kufa, na zipi zimekufa kwa bahati mbaya.

Kabla ya hapo nikueleze kwa nini mwili wenyewe umekuwa mgumu, maana wengi hujilaumu kwa jambo ambalo si la utashi. Mwili wa kilo 83 unatumia nishati kidogo kuliko wa kilo 104. Kupanda kile kilima cha Igogo ukiwa umepungukiwa na mzigo wa kilo 21 ni kazi ndogo zaidi, na moyo, mapafu na misuli vyote vinahudumia mwili mdogo. Sahani iliyokuwa inakupunguza mwaka jana, leo inakutosha tu. Juu ya hapo kuna njaa. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliwapunguza uzito watu 50 kwa wiki kumi, kisha wakawafuatilia. Majibu waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba mwaka mzima baadaye homoni ya kuleta njaa, ghrelini, ilikuwa bado juu, na leptini, inayoiambia akili kwamba akiba ipo, ilikuwa bado chini. Watu hao walisema wenyewe kwamba wana njaa kuliko kabla hawajaanza. Ukiona saa kumi jioni dukani unatamani chapati kwa namna ambayo hukuwa nayo zamani, hiyo si tamaa. Mwili unadai kilo zake.

Kuna pia habari ya washindani 14 wa shindano la kupungua la televisheni ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 2016. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa inachoma takriban kilokalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, na karibu wote walikuwa wamerudisha sehemu ya uzito. Wale walipungua kwa kasi ya kutisha, kwa mazoezi ya masaa kila siku, kwa hiyo usiyachukue yao kama yalivyo ukajipima nayo. Nayataja kwa sababu ndiyo jibu langu kwa anayetaka kurudi kwenye ukali wa mwanzo kila mizani inaposimama.

Turudi jikoni kwako, maana ndiko kwenye habari.

Kupima ugali kwa mizani kulistahili kufa. Kazi ya ile mizani ilikuwa kulifundisha jicho lako ukubwa wa ugali unaokutosha, na jicho limeshajua. Tatizo la jicho ni kwamba linaongeza kidogokidogo bila kukuambia, hasa siku za njaa. Dawa yake ni ndogo: kila baada ya miezi miwili au mitatu, tenga siku tatu. Jipakulie kama kawaida, usijibane, halafu ndipo uweke sahani kwenye mizani. Watu wengi hupima kwanza kisha wakapakua, wakapata namba nzuri isiyowaambia kitu. Unga wa sembe gramu 100 ni kama kilokalori 360, na dona hana tofauti kubwa kwa hilo, ingawa anashibisha zaidi. Tonge tatu za ziada mchana na tatu usiku zinatosha kueleza miezi minne ya kusimama.

Ile sufuria yako ya peke yako nayo nafurahi imekufa. Nimeona nyumba nyingi ambako mama ana sufuria yake ya mchemsho pembeni, familia wana yao ya kukaanga, na mama huyohuyo ndiye anayeonja chumvi kwenye ile ya pili na kumalizia masazo ya watoto. Anakula milo miwili na kuhesabu mmoja. Tena sufuria ya pekee inamtangaza mtu mgonjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kula pamoja ni hatua ya mbele.

Lakini hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Ulipohamia kwenye chungu cha familia, chungu kilibadilika, au wewe ndiye uliyekifuata kilivyo? Nikibahatisha, kilichorudi ni mafuta. Simama siku moja pembeni ya anayepika, awe wewe mwenyewe au dada wa kazi, utazame mkono ukiinamisha dumu juu ya sufuria. Hakuna anayepima. Mafuta yanazunguka, kitunguu kinaingia, nyanya zinaanza kujitenga na mafuta juu, na hapo ndipo mpishi anaridhika kwamba mboga imeiva. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni takriban kilokalori 120. Ukila vijiko vitatu kwenye mboga ya siku nzima, umekula nishati ya zile gramu 100 za unga, na hakuna aliyeona kitu kwenye sahani. Ugali unaonekana, ndiyo maana watu wanauogopa. Mafuta hayaonekani.

Toa dumu karibu na jiko. Weka mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo na uache kijiko kando yake, kiwe ndicho kipimo cha mtu yeyote anayepika nyumba hiyo. Usihubiri, usibandike karatasi ukutani. Kijiko kikiwa pale na dumu likiwa juu ya kabati, wengi watatumia kijiko. Sato wa mchemsho wenye ndimu na bilinganya, dagaa wa ziwani waliochomwa kidogo kisha wakaungwa na nyanya, maharage yaliyoungwa kwa kijiko kimoja badala ya upawa: hivyo vyote ni vyakula vya familia, si vya mgonjwa. Watoto wako usiwaweke kwenye mpango wako, wanakua. Wao waongezee kwenye sahani zao: parachichi, karanga, glasi ya maziwa, yai. Kuongeza kwenye sahani tatu ndogo ni rahisi kuliko kupika sufuria mbili.

Hili la chupa na kijiko ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyokwisha kusema. Tabia inayokaa kichwani mwako inakutegemea wewe usiwe umechoka. Tabia iliyokaa kwenye kabati, kwenye ukubwa wa bakuli, kwenye kile ambacho hakikununuliwa sokoni, inaendelea hata siku umerudi saa mbili usiku na mgongo unauma. Chunguza ulizobaki nazo baada ya miezi kumi na sita, soda na sukari. Zimebaki kwa sababu hazikuhitaji tena uamuzi. Soda haipo ndani ya nyumba yako, na ulimi umeshahama. Nadhani leo ukipewa chai ya ugenini yenye vijiko vitatu unaiona kama sharubati. Usiidharau hesabu yake. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko viwili, ni kama gramu 32 za sukari, na soda moja ya mililita 350 inazidi hapo. Hicho peke yake huenda ndicho kinachoshikilia sehemu nzuri ya kilo zako 21.

Utasikia mitandaoni kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Si kweli. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kila mmoja tabia moja mpya. Kwa wale ambao mwendo wao uliweza kukadiriwa vizuri, nusu walihitaji siku 66 au zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 mpaka 254. Kunywa maji kulizoeleka mapema kuliko mazoezi ya viungo. Jambo zuri walilolikuta ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mlo mmoja wa pilau msibani ni siku moja.

Nije kwenye kutembea, ambako nitakusumbua kidogo. Hii ndiyo tabia uliyoiacha ambayo haikustahili kufa. Wakati wa kushuka, kazi kubwa inafanywa na sahani. Wakati wa kubaki pale ulipofika, mazoezi yanapanda cheo. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Rena Wing na James Hill, walifungua daftari la kuwafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu hivi na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wamejiandikisha maelfu. Ni watu waliojitokeza wenyewe, kwa hiyo si kioo cha kila mtu, lakini wengi wao wanafanana kwa mambo machache: wanajipima mara kwa mara, wanakula kwa mpangilio usiobadilika sana kati ya siku za kazi na mapumziko, na wanatembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Na kuna habari njema humohumo: waliofikisha miaka miwili mpaka mitano bila kurudisha, hatari yao ya kurudisha baadaye ilishuka sana. Wewe una miezi minne tu ya kukaa kwenye kilo 83. Sehemu ngumu ndiyo hii unayopita sasa.

Najua kwa nini ulianza kupanda boda. Duka limekua, mteja wa asubuhi hasubiri. Basi usijaribu kurudisha safari zote mbili. Asubuhi teremka kwa miguu, ni mteremko na jua bado halijakaza. Jioni panda boda, giza na pesa za mauzo havitaki ushujaa. Na ndani ya duka unacho kitu ambacho wengine wanalipia: majora ya vitenge. Mtu anapopungua, kama robo ya kilo zinazoondoka yaweza kuwa misuli badala ya mafuta, na kwa mwanamke anayeelekea miaka hamsini misuli si ya kuachia. Mara mbili tatu kwa wiki, inuka kwenye kiti bila kushika popote, kaa, inuka tena, mpaka mapaja yalalamike. Nyanyua jora juu ya kichwa taratibu, lishushe taratibu. Halafu hakikisha kila mlo una kitu cha kujenga mwili: samaki, dagaa, mayai, maharage, choroko.

Sasa hao ndugu wanaouliza kama unaumwa.

Nchi yetu ina kumbukumbu mbaya na kukonda. Waliokuwa wakubwa miaka ya 1980 na 1990, kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure, waliona watu wakipungua mmoja baada ya mwingine na walijua mwisho wake. Kagera ni jirani zenu, na Mwanza haikubaki salama. Shangazi anayekushika mkono na kukuuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo, si lazima awe mmbea. Anaogopa. Wengine, ni kweli, wanatafuta la kusema: mume hamtunzi, biashara imeanguka, ana stress. Kwetu mwili ukijaa ni sifa kwa mwenye mwili na kwa aliyemwoa.

Nimewaona wanaorudisha kilo kumi si kwa njaa, bali kwa kuchoka kuulizwa. Kwa hiyo lichukulie swali hili kama sehemu ya safari yenyewe, lenye tabia yake ya kulijibu. Andaa sentensi moja, isiyobadilika, uiseme ukicheka: "Nimepunguza kwa makusudi shangazi, presha ilikuwa inanitesa, sasa daktari anafurahi." Neno daktari linafunga mjadala haraka kuliko neno lishe. Kama mume wako yuko upande wako, mwombe aseme yeye mbele za watu kwamba umependeza. Kwa baadhi ya mawifi hiyo ni dawa kuliko cheti cha hospitali.

Msibani usikatae chakula, utaonekana umesusa. Pokea sahani mapema, ukajipakulie mwenyewe kama inawezekana, uongeze kachumbari, ule polepole. Mwenye sahani mkononi haulizwi. Hata hivyo pilau za misiba sizihofii sana. Zinazonitia wasiwasi ni shughuli zenye ratiba: kikao cha kikoba cha kila wiki chenye sambusa na soda, vikao vya harusi, kicheni pati za msimu wa Desemba. Kitu cha kila wiki ni tabia tayari. Ulikuwa huendi kabisa mwanzoni, na hilo halikuwa la kudumu kwa mfanyabiashara. Nenda umeshakula nyumbani.

Kuhusu mizani ya mwili: jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, baada ya haja ndogo. Ukijipima kila siku utaona kilo moja au mbili zikija na kuondoka kwa sababu ya chumvi, maji au siku zako za mwezi, na utaishia kujiadhibu kwa maji. Pima kiuno pia kila mwezi, kwa utepe wako huohuo wa kupimia vitenge. Kisha uweke mstari: ukigusa kilo 86 kwa wiki mbili mfululizo, unarudi kwenye kupima sahani na mafuta kwa wiki mbili, bila kelele na bila kujitukana. Chini ya mstari huo unaishi maisha yako.

Je, uendelee kushuka? Kwa urefu wako, kilo 83 bado iko kwenye kundi la unene uliozidi, uwiano wako wa uzito na urefu (BMI) ni kama 31.6, na mpaka wa kundi hilo ni 30, yaani kilo 79 kasoro kidogo. Si mbali. Ila ushauri wangu ni ukae kwenye 83 kwa makusudi kwa miezi sita, ukiwa na chupa ya mafuta na mteremko wa asubuhi. Huenda vitu hivyo viwili vikakushusha taratibu bila wewe kutaka. Visipokushusha, tutazungumza hatua nyingine ukiwa umepumzika. Zile chai za kukata tumbo zinazouzwa mitandaoni ziache. Nyingi zinaharisha tu, na unachopoteza ni maji.

La mwisho ni la kliniki. Kama bado unatumia vidonge vya presha kwa dozi uliyoanzishiwa ukiwa na kilo 104, huenda sasa ni vingi kwako. Ukipata kizunguzungu unaposimama ghafla, nenda wakupime, wapunguze wao, usijipunguzie. Na ikitokea baada ya kusimama hivi uzito unaanza kushuka wenyewe, hujabadilisha kitu chochote, tena una kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, au kiu na haja ndogo za mara kwa mara, nenda ukapimwe kifua na sukari wiki hiyohiyo, hata kama namba ya kwenye mizani inakufurahisha.